Nani Aliyeilowesha Kafu Maryamu

Kibokoni, Mombasa
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa dada yangu mpenzi, Fadhiya,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako, goti lako limetulia, na shemeji naye kikohozi kimempa nafasi ya kulala. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mola. Mvua imenyesha ikatuachia mbu, na dari ya ukumbini imeanza kuvuja pale pale pa mwaka jana. Wasalimie wote hapo Malindi, wakubwa kwa wadogo, na yule mjukuu wako wa mwisho umwambie kofia yake aliyoisahau siku ya Idi ninayo, sijampa mtu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua zama hizi ambapo hata muuza mbaazi ana simu mbili. Nina sababu. Neno nikikwambia wewe kwa simu, kabla sijaiweka simu chini limeshafika Ganjoni, na huko mbele utaona nilivyolijua hilo. Kwa hivyo nimeandika kwa mkono wangu, nikaishona bahasha kwa uzi mwekundu, nikampa mwanao Athmani ambaye hajui kilichomo. Ukiona uzi una rangi nyingine, muulize yeye.

Waikumbuka kafu Maryamu uliyoniletea uliporudi hija, ule mmea mkavu wa jangwani. Wengine waiita mkono wa Maryamu, na kweli ukiwa mkavu ni kama ngumi ya mtoto aliyelala. Wajua nilivyokuwa nikiiweka: imefungwa kitambaa cheupe, ndani ya mkebe wa biskuti, ndani ya kabati langu, na ufunguo nimeufunga pembeni mwa leso. Mtaa mzima, mwanamke akishikwa na uchungu, hutumwa mtu kwangu. Natoa mkebe, kafu hutiwa kwenye bakuli la maji karibu na kitanda, nayo huanza kukunjuka kidogo kidogo. Mama zetu walisema kadiri inavyokunjuka ndivyo na mzazi anavyofunguliwa njia. Ikirudi, huanikwa kivulini mpaka ifumbe kabisa, ndipo ifungwe kitambaa. Hayo kila mwanamke wa hapa ayajua, wala hafundishwi.

Basi zilipokatika mvua za mwanzo nilifungua kabati nivipe hewa vitu vyangu. Nilipofunua mkebe nikasikia harufu ya uvundo. Kitambaa kilikuwa na unyevu. Nikakifungua, nikaikuta kafu imekunjuka nusu, vidole nje, na pembeni mwa kitambaa kumeota kijimche chembamba kama uzi, kina majani mawili. Nilikaa sakafuni, dada. Kitu chochote chaweza kuhamishwa kabatini kikarudishwa usijue, lakini kafu ikishalowa haiwezi kujifanya haikulowa.

Mtu alikuwa ameitumia, na kwangu hakuja mtu kuazima. Nikazipitia nyumba za mtaa huu moja moja kichwani. Mimba za hapa mimi nazijua kabla ya waume wao, na mwezi ule hapakuwa na mwanamke wa kujifungua. Basi ilikuwa ni uzazi wa siri, na ufunguo umetoka kwenye leso yangu. Na uzazi wa siri, nilivyojua mimi, ni wa namna moja tu.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Kadzo. Wamjua, ndiye anayenifulia na kunipikia miaka yote hii, huja asubuhi kutoka Tononoka. Wiki ile iliyopita alikuwa hakuja siku kadhaa, akatuma neno kwamba jino lauma. Aliporudi shavu halikuwa limevimba. Nikampa kashata ngumu ya nazi, ile ya kuvunjia meno, nikakaa mbele yake kumtazama. Akatafuna upande huu, akatafuna na upande ule, akaomba nyingine. Nikajua jino ni la uongo. Nikaanza kumwangalia tumbo, anavyoinama, anavyoinua ndoo. Siku ya pili aliweka ndoo chini akaniambia kwa adabu zake kwamba kama nina neno nimuulize, nisimgeuze-geuze kama samaki sokoni. Nikamwambia sina neno. Tumbo lake lilikuwa bapa kama siku zote, lakini la jino sikulisahau.

Kile kijimche sikukitupa. Nilikitia kwenye kopo la maziwa lenye mchanga wa mafundi, kisha nikashuka chini kwa mpangaji wangu, Mwalimu Ishaq, yule anayefundisha bayolojia. Naye nilikuwa nikimshuku kidogo, maana mwanamume ambaye hajaoa akawa na maswali mengi juu ya dawa za wazazi hana kazi nzuri. Lakini nilihitaji kujua kafu imelowa lini. Akatoa kioo chake cha kukuza akakipeleleza kijimche mbele na nyuma. Akaniambia mbegu ya kafu haina subira, ikipata maji huchipua siku hiyo hiyo au ya pili yake, na kwa majani haya mawili basi ni kama wiki moja. Wiki ya jino la Kadzo.

Kisha akanipa darasa ambalo sikuliomba. Akasema kafu hii tunayoitunza imekufa zamani, ilikufa huko huko jangwani kabla hujainunua Makka. Kinachokunjuka ni kuni tu, zanywa maji zikatanuka, zikikauka zikajikunja, na zingekunjuka mbele ya mzazi au mbele ya paka. Hapo nilikasirika. Nikamwambia mama zetu hawakuwa wajinga. Akasema hakusema hivyo, na kwamba mtu mwenye maumivu akipewa kitu cha kutazama kinachokwenda polepole, hilo peke yake ni dawa. Nikamruhusu aendelee.

Akasema mmea huu huota kwenye mchanga ambako mvua huja ikijisikia. Ukipata maji hauchelewi: unatambaa chini, unatoa maua madogo meupe, unafunga mbegu upesi upesi. Jua likikaza, majani hupukutika, na matawi huinama kwa ndani yakazifumbata mbegu zote kama mtu aliyeficha kitu kiganjani. Umekufa, lakini umeshika. Hukaa hivyo miaka, mizizi ingali mchangani. Kijiumande hakiufungui, hata manyunyu hayaufungui, kwa sababu mbegu ikitoka kwa maji kidogo itachipua na kufa. Wasubiri mpaka inyeshe mvua ya kweli. Akanionyesha kwenye kioo vifuko vya mbegu, vidogo mno, kila kimoja kina visikio viwili vimesimama. Akasema tone la mvua likipiga hapo ndipo mbegu huruka nje. Niliupenda mmea ule siku hiyo, dada. Nilisema moyoni, huyu na mimi tumezaliwa nyumba moja.

Nilipopanda juu ndipo akili iliponijia. Aliyeirudisha kafu aliifunga ikiwa majimaji akaifungia mkebeni. Mwanamke asingefanya hivyo, awe Kadzo awe nani, maana Kadzo ameshaianika mara nyingi kwa mkono wake. Aliyeirudisha ni mwanamume. Na mwanamume wa nyumba hii ni mmoja, mwanangu Zakariya.

Nikaanza kumchunguza. Wajua afanya kazi duka la simu pale Makadara. Siku moja nilipokwenda kununua nguo ya mto nikamwona duka la viungo, ananunua pilipili manga, hiliki na samli. Zakariya huyu huyu asiyeweza kutofautisha bizari na dania. Na pilipili manga kiasi kile hali mtu ila mwanamke aliyezaa. Nyumbani hakuleta hata punje. Jioni nikamuuliza siku ilikuwaje, akasema nzuri, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa na askari. Nikanusa shati lake lilipokuja kufuliwa. Lilinuka poda ya mtoto.

Dada, siku zile sikuwa na raha. Mwanangu ana mtoto nje ya nikahi, na mwanamke nisiyemjua kwao wala ukoo wake. Nilijiona nikipita barazani watu wakinyamaza. Usiku nilikuwa nikipanga maneno nitakayomwambia, na asubuhi nayameza, maana sina ushahidi ila kijimche ndani ya kopo. Nilitamani kumwambia Yumna, kwa kuwa ndiye mwanangu wa kike na ana busara kuliko ndugu yake, lakini Yumna nilijua yuko Garissa. Kabla ya Ramadhani waliniambia mumewe Faraj amehamishwa kikazi, wakaondoka bila hata kulala kwangu. Nami sikuwauliza sana, maana binti yangu mimba mbili zilikuwa zimemtoka na niliona pengine pahali papya patampa moyo. Tulikuwa tukizungumza kwa simu, sauti tu, akiniambia huko mtandao hauwezi kuleta picha. Nikiwatumia halua kwa basi, naambiwa imefika.

Ijumaa moja baada ya swala Zakariya alitoka na hotpoti chini ya kwapa. Nikavaa buibui la zamani, nikajifunika uso wote ila macho, jambo ambalo wajua si desturi yangu, nikapanda tuktuk nikamwambia dereva afuate ile ya mbele. Akaniuliza kama tunamfuata mume. Nikamwambia atazame njia. Tukaenda mpaka Ganjoni, kwenye majumba ya ghorofa karibu na Mbaraki. Zakariya akapanda. Nami nikasimama chini, nikainua macho kwenye varanda, nikaona leso imeanikwa. Niliisoma: Hasidi hana sababu. Ile leso, dada, niliinunua mimi, nikampa Yumna siku ya harusi yake. Moto ukaniwaka. Nikasema mwanangu si kwamba tu ameniaibisha, ameiba na nguo za dadake akampa huyo mwanamke wake.

Nikapanda ngazi kwa goti lile lile la ukoo wetu, nikagonga. Aliyefungua alikuwa Kadzo, ameweka nepi begani. Akarudi nyuma tu. Nyuma yake nikamwona Faraj amesimama na kikombe mkononi, na mezani iko halua yangu niliyoipeleka Garissa, katika kasha lake lile lile. Kisha mtoto akalia chumbani, na Yumna akatoka amempakata.

Aliponiona, kabla ya salamu, kabla ya kitu chochote, binti yangu aligeuka upande akamfunika mtoto uso kwa mtandio wake.

Sikufahamu. Nikafunua uso nikasema ni mimi, ni mamako. Akasema ajua, na machozi yakamshuka. Faraj akaniomba nikae, akaniita mama mara nyingi kuliko siku zote tangu amuoe binti yangu. Yumna ndiye aliyesema yote, amesimama pale pale kizingitini. Akasema mimba ya kwanza nilimshika tumbo harusini Tononoka mbele za watu, nikasema hili dume, litazameni lilivyojaa, na sikutaja jina la Mungu. Wiki ile ile ikatoka. Ya pili nilimwambia amenawiri, sura yang'aa kama taa, nayo ikatoka. Alipopata ya tatu alikupigia simu wewe. Nawe, dada, ukamwambia kwamba mamake hana ubaya hata chembe, lakini ana jicho la kupenda, na jicho la kupenda ni kali kuliko la chuki kwa sababu mwenyewe hajijui. Ukamwambia amfiche mtoto mpaka arubaini ipite. Garissa hawakuwahi kukanyaga. Muda wote huo walikuwa hapo, mwendo wa tuktuk kutoka mlangoni kwangu.

Nasema wazi, niliumia. Niliumia mpaka masikio yakaziba. Mimi niliyempima Kadzo kwa kashata, niliyenusa shati la mwanangu, niliyemfikiria vibaya mwalimu wa watu, kumbe nyumba nzima ilikuwa ikinishuku mimi, na hasidi wa kwenye leso ni mimi. Na neno lenyewe limetoka kwako, uliyenilea mama alipokuwa akishona nguo za watu. Nilitaka kuinuka niondoke nisirudi tena.

Kilichonizuia ni kafu. Nikawauliza, basi kama mimi ni wa kuogopwa, kwa nini mkaichukua kafu kabatini mwangu. Zakariya akatazama chini. Yumna akasema yeye ndiye aliyemtuma. Uchungu ulipomshika kabla hawajakwenda hospitali, alimlilia ndugu yake kwamba kama mama hawezi kuwa chumbani, basi aletewe kile kikono cha mama kiwe karibu. Walikitia majini katika bakuli la kunywea uji, akakitazama mpaka gari likaja. Kadzo alikuwa amemshika mgongo. Zakariya akakirudisha mbio mbio kabla sijaamka kutoka usingizi wa mchana.

Hapo hasira ilinitoka, sijui ilikwenda wapi. Nikaomba kiti kisicho na mikono. Nikakaa, nikafumba macho, nikanyoosha mikono, nikamwambia Yumna aniletee mjukuu wangu, sitamtazama. Kisha nikausikia uzito wake mapajani. Mzito, mashallah, na moto, na anuka maziwa na samli. Nikamsomea nilichojaliwa kukumbuka. Yumna alikuwa amesimama karibu sana, nilisikia pumzi zake, na nadhani alikuwa akiyatazama macho yangu zaidi kuliko mwanawe.

Tangu siku ile nimekuwa nikienda kila Ijumaa. Nafika, nakaa, nafumba, napewa. Arubaini imekwisha na zimepita siku nyingine, lakini hakuna aliyeniambia fumbua, nami sijaomba. Naona wote wanangoja neno, na neno hilo si langu.

Sasa nikwambie habari ya kile kijimche, kisha nikwambie jambo lililonifanya nishone bahasha. Kijimche kimeota, dada. Hakikuwa kikubwa, kimelala mchangani ndani ya kopo langu dirishani, majani yana manyoya kama ya kitambaa cha sufu. Juzi asubuhi kimetoa maua. Ni madogo kama chembe za mchele, meupe, kila ua lina vijani vinne, hata harufu sikuisikia. Maisha yetu yote tumekishika kikavu, wewe na mimi na mama na mamake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kina ua. Mwalimu Ishaq alitaka moja la darasani kwake, nikamkatalia. Hilo lililobandikwa chini ya karatasi hii kwa gundi ni lako, kwa kuwa ndiye uliyekileta. Lishike taratibu.

Na jambo lenyewe ni hili, na hakuna alijuaye ila Mungu, na sasa wewe. Ijumaa ile ya kwanza sikufumba macho yote mawili. Nilisema mashallah tabarakallah moyoni, nikalisema tena, kisha nikafungua la kushoto, upande ambao Yumna hakusimama. Kidogo tu, kama mlango unaochungulia nani aliyegonga. Nilimwona.

Baada ya hapo nilipata adhabu yangu. Nilijishuku mwenyewe, dada, jambo ambalo sijapata kulifanya. Kila asubuhi nilikuwa nikipiga simu Ganjoni kuuliza kama kuna samli ya kutosha, nikingoja kusikia mtoto ana homa. Akipiga chafya nilikuwa nikihisi ni mimi. Lakini hakuugua. Amenenepa, mashallah, anyonya kama anayedai deni, na sasa acheka usingizini. Jicho limempata tangu siku zake za kwanza na halikumfanya kitu. Basi kama lina sumu, sumu hiyo imelala.

Kwa hivyo nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya titi moja, mpigie Yumna. Ulilisema neno kwa mdomo wako, liondoe kwa mdomo wako. Mwambie umeuliza, umeota, umepiga bao, useme utakalo, ila usimwambie nilichungulia. Nataka kumtazama kwa yote mawili, mchana kweupe, hapa nyumbani kwangu.

Na ukipata nafasi uje siku hiyo, kwa sababu kuna kitu nimekibeba tangu Ijumaa ile, na sina wa kumwambia, maana nikikisema watajua nimeona. Mtoto amefanana na mama yetu. Si kidogo. Ana masikio yale yale yaliyosimama, ambayo baba alikuwa akimtania kwamba yanasikia mvua kabla haijanyesha. Siku hiyo nitajifanya ndio kwanza namwona, nitauliza huyu amechukua sura ya nani, na wewe ndiye utakayejibu.

Kadzo akusalimu, nimemwomba radhi na kashata nimempa mkebe mzima. Zakariya akusalimu pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Nifikishie salamu kwa shemeji na kwa kila aniulizaye, na Mola atukutanishe kwa heri.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,

Mwanakuu